Shajara ya Bustani ya Maua: Kutoka Kivuli cha Ukuta hadi Mkasi wa Waridi

Jumamosi, kabla ya kushika jembe

Eneo tulilonalo ni ukanda wa mita sita kando ya ukuta wa nyumba. Kwa sasa lina nyasi chache, mawe na mabaki ya saruji. Sina haraka ya kununua miche. Bustani nyingi nilizoziona zikidhoofika zilianzia kitaluni: mtu anapenda rangi, anabeba mche, anafika nyumbani ndipo anatafuta pa kuupanda. Baadaye anapambana na majani ya manjano na mashina marefu yasiyo na ua, mwishowe anaamini mkono wake haukubali maua. Mimi naamini sehemu kubwa ya kutunza maua humalizika kabla ua halijapandwa. Eneo likichunguzwa vizuri huchagua maua lenyewe, na utunzaji unaofuata huwa mwepesi.

Kwa hiyo leo kazi imekuwa jua peke yake. Nimechomeka vigingi kila baada ya mita moja, na kuanzia asubuhi hadi jioni nimekuwa nikiandika vipi viko juani na vipi vimeingia kivulini. Kipimo chenyewe si kigumu. Maua ya jua yanataka jua la moja kwa moja kwa jumla ya saa sita au zaidi kwa siku. Pakipata saa tatu hadi sita ni nusu kivuli, na chini ya hapo ni kivuli. Tena jua la asubuhi na la alasiri hayalingani. La asubuhi ni pole na hukausha umande mapema kwenye majani, jambo linalozuia magonjwa mengi ya ukungu. La alasiri ni kali, na ukuta unalihifadhi na kulirudisha kama joto hata baada ya jua kutua.

Matokeo: mita ya kwanza ina jua la kutosha, lakini ndiyo inayopokea maji ya mfereji wa paa. Mita tatu za katikati zina jua tupu. Mita mbili za mwisho ziko chini ya mti wa jirani na hupata jua la asubuhi tu. Njia ya jua hubadilika kadiri mwaka unavyosogea, kwa hiyo vigingi vitabaki ili nirudie upimaji msimu ukibadilika.

Jumapili, udongo

Nimechimba hadi kina cha kiganja, nikachukua udongo kutoka sehemu tatu, nikautia kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana hadi kufika thuluthi moja. Nimejaza maji, nikaongeza tone la sabuni ya vyombo ili chembe ziachane, nikatikisa kwa nguvu, kisha nikaiacha ikae. Mchanga hutulia chini ndani ya dakika chache. Tope laini hufuata kwa saa kadhaa. Mfinyanzi ndio wa mwisho, na unaweza kuchukua siku moja au zaidi kabla maji hayajawa maangavu. Ukipima unene wa kila tabaka kwa rula unapata sura ya udongo wako bila maabara. Wangu una mchanga kiasi, tope kiasi, na mfinyanzi mwingi kuliko nilivyopenda.

Nimepima pia jinsi maji yanavyonywea. Shimo la kina cha sentimita 30 hujazwa maji, yakiisha hujazwa tena, na mara hii ya pili ndipo unapima kushuka kwa maji kila saa. Kushuka kati ya sentimita 2.5 na 5 kwa saa ni kuzuri kwa maua mengi. Chini ya hapo mizizi hukosa hewa, kwa sababu nafasi ndogo kati ya chembe za udongo, ambazo mizizi huzitegemea kwa oksijeni, hubaki zimejaa maji. Katikati ya ukanda maji yameshuka vizuri. Pale chini ya mfereji wa paa yamesimama kama yamesahaulika.

Jirani amenishauri nimwage mchanga ili kulainisha mfinyanzi. Nimemshukuru, ila sitafanya hivyo. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi huelekea kutoa udongo mgumu zaidi ukikauka. Dawa ya mfinyanzi ni mboji. Inazishikanisha chembe ndogo kuwa vibonge vidogovidogo, na kati ya vibonge hivyo ndipo hewa na maji hupata njia. Ajabu ni kwamba mboji hiyohiyo husaidia udongo wa kichanga kushika maji. Sijui kitu kingine cha bustani kinachotibu kasoro mbili zinazopingana namna hii.

Kipimo cha pH, yaani kiwango cha asidi ya udongo, kimeonyesha kati ya 6 na 7. Hapo ndipo maua mengi hupata virutubisho kwa urahisi, hivyo sigusi chokaa wala salfa. Mwenye haidrenjia ana sababu ya kufuatilia namba hii zaidi. Ile inayoweza kubadilika rangi huwa ya buluu kwenye udongo wenye asidi, kwa kuwa hapo alumini huyeyuka na mizizi ikaweza kuinyonya, na huwa ya waridi asidi inapopungua.

Jioni za wiki hiyo, mchoro

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nimechora kwenye karatasi ya miraba, kila mraba ukiwa sentimita 10 za ardhi.

Uamuzi wa kwanza: tuta halitagusa ukuta. Nusu mita ya kwanza kutoka ukutani itakuwa njia nyembamba ya kupita. Sehemu iliyo chini kabisa ya ukuta hukosa mvua kwa sababu ukuta na paa vinaikinga, hupata joto lililorudishwa, na hewa yake haitembei. Isitoshe, bila njia nyuma, kila ukitaka kung'oa gugu la nyuma utakanyaga maua ya mbele. Tuta lenyewe lina upana wa mita 1.2, yaani kutoka kila upande mkono unafika katikati bila mguu kuingia. Udongo usiokanyagwa hubaki na hewa yake. Kwa urefu wa mita sita, eneo la kupanda ni mita za mraba 7.2. Namba hiyo nimeiandika kwa wino mwekundu pembeni, maana mboji, matandazo na maji vyote vitapimwa kwayo.

Kisha nikaja kwenye maua. Mita ya kwanza, penye maji yanayosimama, wengi wangeshauri kuinua tuta au kuzibua mfereji. Mimi nimeamua kuweka kana. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, hustahimili ardhi yenye unyevu mwingi, hupenda jua, na majani yake mapana ni mazuri hata siku ambazo hayana ua juu yake. Kigumu cha mahali pale kwa kana si kigumu tena.

Mita mbili za mwisho, chini ya mti, ni za impatiensi. Ile inayouzwa sana vitaluni asili yake ni Afrika Mashariki, kwenye sehemu zenye kivuli na unyevu. Ukiipanda kwenye jua kali la mchana hulegea kila siku na wewe ukawa mtumwa wa ndoo. Ikikaa kivulini inachanua kwa muda mrefu bila kukudai mengi.

Mita tatu za katikati ndizo za jua. Nyuma nimeweka kosmosi, inayoweza kupita mita moja kwa urefu. Katikati ni zinia, pamoja na mashina mawili ya waridi upande ulio wazi zaidi kwa hewa. Mbele ni marigoldi fupi. Kosmosi, zinia na marigoldi zote asili yake ni Meksiko na nchi za jirani zake, ndiyo maana zinapatana: zinataka jua, zinavumilia ukame wa kiasi, hazipendi kunyeshewa majani kila jioni. Mistari ya miche ya aina moja moja haivutii machoni, kwa hiyo kila aina nimeipanga kwa mafungu ya mitatu au mitano. Rangi nimezibana: njano, chungwa na nyeupe, na waridi peke yake ndilo litakalokuwa jekundu.

Vinka ilikuwa kwenye orodha yangu ya ukingo wa mbele kwa sababu inavumilia joto na ukame kuliko maua mengi. Nimeiondoa. Ina alkaloidi, yaani kemikali za mmea, zenye nguvu kiasi kwamba dawa mbili za saratani, vinkristini na vinblastini, zilitokana nayo. Mwanangu mdogo bado yuko katika umri wa kutia kila kitu mdomoni. Mahali pake nimeweka portulaka, ua la Amerika ya Kusini lenye majani manene yanayohifadhi maji, linalofunguka jua likiwaka. Kwa sababu hiyohiyo oleanda haitaingia uani kwangu kamwe, kwa uzuri wake wote. Kila sehemu yake ina sumu ya moyo. Mwenye paka naye ajihadhari na yungiyungi la bustani (lili), kwani hata chavua yake inaweza kuharibu figo za mnyama huyo.

Jambo la mwisho la mchoro ni nafasi. Duara la kila mmea nimelichora kwa ukubwa utakaofikia ukikomaa: zinia sentimita 30, marigoldi fupi 20 hadi 25, kosmosi 30 hadi 45, kana 45 hadi 60, waridi 60 hadi 90. Karatasi imeonekana tupu, na najua tuta litaonekana tupu vilevile wiki za mwanzo. Nitavumilia. Mimea iliyobanana hunyang'anyana mwanga na kuzuia hewa, na hapo ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, hupata nyumba.

Kulima tuta

Siku ya kulima ilisogezwa kwa sababu mvua ilinyesha usiku. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, nao walikuwa wanamsemesha mfinyanzi wa vyungu. Mlima bustani asubiri. Udongo wa mfinyanzi ukilimwa ukiwa mbichi hushindiliwa na kukauka mabonge magumu yatakayokusumbua msimu mzima. Kipimo: finyanga donge la udongo mkononi, liguse kwa kidole. Likivunjika kirahisi, lima. Likibonyea tu, rudi ndani.

Mabaki ya saruji tumeyatoa yote kwa toroli. Yana chokaa na yangepandisha pH kidogokidogo. Ndago zimechukua muda kuliko kazi nyingine yoyote, maana kukata majani ya ndago hakuzidhuru. Chini kuna viazi vidogo vilivyounganishwa kwa nyuzi nyembamba, na kila kimoja kikibaki ni mmea mpya. Tumechimba kwa uma, tukafuata nyuzi kwa vidole, hatukukatakata kwa jembe.

Mboji imeenea kwa unene wa sentimita 5, ikachanganywa hadi kina cha sentimita 20 hivi. Kwa mita za mraba 7.2 hiyo ni lita 360, na ndipo namba ya wino mwekundu ilipoanza kutumika. Sehemu ya kosmosi nimeipa nusu tu. Udongo wenye rutuba nyingi huifanya irefuke, ianguke, na ijae majani badala ya maua. Samadi mbichi sikuitumia popote: huunguza mizizi na huja na mbegu za magugu.

Kitaluni

Mbegu ziko kwenye trei. Kanuni ya kuzifukia kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake inafaa kwa zinia, kosmosi na marigoldi, ambazo zimewekwa karibu nusu sentimita chini. Impatiensi na portulaka zinahitaji mwanga ili kuota, kwa hiyo zimelazwa juu na kubonyezwa tu. Zinia zimechomoza kwanza, na marigoldi zikafuata. Kwa joto la nyuzi 21 hadi 27 zinia haihitaji hata wiki. Impatiensi huchukua wiki mbili au tatu, na wengi hutupa trei yake wakidhani mbegu zilikuwa mbovu.

Adui wa hatua hii ni kinyausi. Mche mzuri huonekana asubuhi umelala, shina limenywea usawa wa udongo. Husababishwa na vimelea vya ukungu vinavyopenda udongo uliolowa na hewa iliyotuama. Namwagilia kwa kuweka trei ndani ya beseni la maji ili unyevu upande kutoka chini, kisha naitoa juu ikishalowa. Kifuniko hakirudi mbegu zikishaota. Palipoota miche miwili pamoja, dhaifu nimeikata kwa mkasi bila kuing'oa, mizizi ya mwenzake isitikisike.

Kupandikiza

Miche ilipofikisha majani halisi mawili hadi manne ilianza kuzoeshwa nje, siku ya kwanza muda mfupi kivulini, ikiongezewa jua na upepo kidogokidogo kwa zaidi ya wiki. Jani lililokulia chini ya kinga ni laini, na likitolewa ghafla huungua na kugeuka jeupe.

Tumepandikiza jioni, baada ya siku ya mawingu. Kila shimo limejazwa maji kwanza. Mche umeingia kwa kina kilekile ulichokuwa nacho, udongo umekandamizwa kwa vidole, kisha maji tena. Kana zimepandwa kwa mashina yake manene ya chini ya udongo, macho yakitazama juu, sentimita 10 hivi ndani ya udongo.

Matandazo ya majani makavu yaliyokatwakatwa yamefuata, unene wa sentimita 5. Yanazuia jua lisikaushe udongo, yananyima magugu mwanga, na yanazuia matone ya mvua yasirushe udongo wenye vimelea kwenye majani ya chini. Kuzunguka kila shina nimeacha nafasi wazi ya vidole vitatu. Matandazo yakigusa shina, shina hubaki na unyevu na kuoza.

Maji

Maua yaliyoshika huhitaji takriban sentimita 2.5 za maji kwa wiki, mvua ikihesabiwa ndani yake. Hiyo ni lita 25 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo tuta letu lote linataka lita 180. Nazigawa mara mbili kwa wiki. Miche michanga ilipewa mara nyingi zaidi mpaka iliposhika.

Kumwagia kidogo kila jioni ni desturi ninayotamani iachwe. Maji hubaki juu, mizizi nayo hubaki juu kuyafuata, na siku moja ya jua kali inatosha kuyanyausha maua yote. Maji mengi kwa mara chache huivuta mizizi chini. Namwagilia asubuhi, kwenye udongo, si juu ya majani. Kabla ya kumwagilia nachomeka kidole hadi kiungo cha pili. Pakiwa na unyevu, chombo kinarudi mahali pake. Mmea ulionyong'onyea saa nane mchana na kuamka jioni haukuwa na kiu, ulikuwa unajikinga na joto. Ulionyong'onyea asubuhi ndio wa kuukimbilia.

Vidukari

Vimeonekana kwenye vitumba vya waridi, kijani kibichi, vimesongamana. Kidukari jike huzaa watoto hai bila kupandwa na dume, ndiyo maana makundi hukua haraka hivyo. Sungusungu walikuwa wanapanda na kushuka shinani, kwa kuwa vidukari hutoa umajimaji mtamu na sungusungu huwalinda ili waendelee kuupata.

Sikununua sumu. Nimevipiga kwa maji ya nguvu asubuhi, nikarudia siku zilizofuata. Wengi wakianguka hawapandi tena. Palipobaki nimenyunyiza maji yenye sabuni ya maji isiyo na manukato, vijiko viwili vya chai kwa lita moja, jioni jua likishapoa, baada ya kujaribu kwenye jani moja kwanza. Kisha nikaona kitu kilichonifurahisha sana: lava weusi wenye madoa ya chungwa, watoto wa mdudu-kibibi. Watu wengi huwaua wakidhani ni waharibifu. Mmoja hula vidukari mamia kabla hajakomaa. Kuanzia siku hiyo sabuni imekaa kabatini.

Kukata ili yachanue

Zinia zilipofika sentimita 20 hivi nilizikata ncha, juu kidogo ya jozi ya majani. Inauma kukata mche mzuri. Lakini ncha hutoa homoni inayoyazuia macho ya pembeni yasichipue. Ikiondoka, shina moja huwa mawili, na mawili huwa manne. Kosmosi nazo zimefanyiwa hivyo.

Sasa yamechanua, na kila nikipita nina mkasi mfukoni. Ua lililonyauka likiachwa, mmea hupeleka nguvu kwenye mbegu na kupunguza maua mapya. Nakata na kikonyo chake hadi kwenye jani la kwanza lenye afya, sichumi petali peke yake. Impatiensi hazihitaji kazi hii, hudondosha maua yake zenyewe.

Mbolea nimeitia kidogo, kwa waridi na kana tu. Naitrojeni ikizidi hukuza majani na kuleta vidukari kwenye chipukizi laini. Zinia nimechagua mchanganyiko wenye maua ya safu moja ya petali kwa nusu ya miche, kwa ajili ya nyuki. Yale yaliyojaa petali hadi katikati ni mazuri machoni, ila mara nyingi mbochi (maji matamu ya ua) na chavua yake ni kidogo au havifikiki.

Waridi

Madoa meusi yalijitokeza kwenye majani ya chini baada ya siku kadhaa za mvua. Ukungu wake unahitaji jani libaki limelowa kwa muda wa saa saba au zaidi ili upenye, na hapo ndipo faida ya kumwagilia udongoni na kuacha nafasi ya hewa inapoonekana. Majani yenye madoa nimeyachuma, na yaliyoanguka nimeyaokota yote. Hayaendi kwenye mboji.

Nimepogoa baada ya wimbi la kwanza la maua. Kwanza yametoka matawi yaliyokufa, kisha yenye ugonjwa, kisha yanayokwaruzana. Kila mkato uko nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, umeinama kutoka kwenye jicho ili maji yateleze upande wa pili. Jicho la nje hutoa tawi la nje, na katikati ya mmea hubaki wazi kwa mwanga na hewa. Mkasi nimeufuta kwa spiriti kati ya shina moja na jingine.

Yanayofuata

Vichwa vya zinia na kosmosi vilivyo bora nimevifunga uzi na kuviacha vikauke shinani kwa ajili ya mbegu. Marigoldi zangu ni chotara la F1, yaani kizazi cha kwanza cha aina mbili zilizochanganywa, mbegu zake hazitatoa mfano wa mama, kwa hiyo hizo nitanunua upya. Mwisho wa msimu nitafukua kana, nigawe mashina yake ya chini kwa kisu safi, kila kipande kiwe na macho mawili au matatu. Jirani ameshaomba vipande, na uani kwake pia kuna kona ambayo maji husimama. Jua limeanza kuhamia upande wa mti, kigingi cha nne kimeingia kivulini alasiri ya leo. Jumamosi narudia upimaji, na impatiensi huenda zikaongezewa mita moja.